Kona ya Nne: Namna ya Kutengeneza na Kupima Kigari cha Msumeno wa Meza

Fremu ya kioo, ya picha au ya mlango wa kabati ina kona nne. Tatu za kwanza hufungika bila taabu. Ya nne ndiyo hufichua kila kitu. Hapo seremala hukuta mwanya ambao hakuuona alipokuwa akikata vipande, naye huuziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akapiga msasa, akapaka vanishi, na kazi ikatoka karakanani ikiwa inang'aa. Masika yakishapita na kiangazi kikaingia, mbao hucheza, kijazio hupasuka, na mteja huyaona yaliyofichwa.

Mwanya ule haukuzaliwa katika kona ya nne. Kila kona hutokana na mikato miwili, hivyo fremu nzima ni mikato minane. Mkato mmoja ukikosea kwa nusu nyuzi, jicho halioni. Ikikosea yote minane kwa kiasi hicho na kwa upande uleule, makosa hujumlishana hadi nyuzi nne, na yote hukusanyika mahali pamoja. Kwenye ubao wenye upana wa milimita 100, nyuzi nne ni mwanya wa takriban milimita saba. Si uzembe wa fundi, bali ni hesabu tu.

Kwa wakazi wa Ihanda wanaoishi kwa useremala, jambo hili lina uzito kuliko uzuri wa kazi. Madawati, milango na makabati ya shule na zahanati hukaguliwa kabla ya kupokewa, na dawati ambalo miguu yake haikukatwa sawasawa hucheza sakafuni siku ya kwanza. Kazi ikikataliwa, mbao na misumari huwa vimekwisha kulipiwa. Zaidi ya hayo, anayesukuma kipande kifupi kwa mkono mtupu kuelekea kwenye diski inayozunguka anaweka rehani vidole vyake. Kigari kinachoelezwa hapa hutibu mambo yote mawili kwa gharama ya kipande cha plaiwudi, skrubu chache na nusu siku ya kazi.

Kigari ni ubao mpana unaoteleza juu ya meza ya msumeno, ukiongozwa na reli mbili zilizofungwa chini yake. Mbao inayokatwa hulazwa juu ya kigari na kuegemezwa kwenye ukingo ulionyooka. Mbao haisogei juu ya kigari. Kigari ndicho kinachosogea, kikiibeba hadi kwenye diski. Mikono ya fundi hubaki kwenye ukingo, mbali na meno. Lakini kigari kilichofungwa vibaya kina hatari yake: hukosea kwa uaminifu, kila mkato na kosa lilelile. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili ni kupima, wala si kugongelea.

Kazi huanzia kwenye mashine yenyewe. Umeme ukatwe kwanza, na kukata umeme si kuzima swichi. Ni kuchomoa plagi, au kuzima swichi kuu na kukaa na ufunguo mfukoni. Kwa mashine inayoendeshwa na injini ya mafuta, injini izimwe na mkanda uvuliwe. Kisha fundi achunguze kama diski inakwenda sambamba na mifereji iliyo juu ya meza, kwa kuwa reli za kigari zitafuata mifereji hiyo na diski haitazifuata.

Kipimo chake ni rahisi. Kipande cha mbao ngumu kichongwe kiingie kwenye mfereji bila kulegea, na juu yake kifungwe kingine kinachoelekea kwenye diski, chenye skrubu kwenye ncha yake. Jino moja la diski litiwe alama ya kalamu. Jino hilo lizungushwe hadi upande wa mbele, na skrubu ifunguliwe polepole mpaka iliguse kwa wepesi. Halafu diski izungushwe kwa mkono hadi jino lilelile lifike nyuma, kipande kisogezwe kwenye mfereji hadi hapo, na mguso usikilizwe tena. Jino ni lazima liwe lilelile, kwa sababu diski iliyopinda kidogo inaweza kumdanganya anayepima meno mawili tofauti. Mguso ukiwa sawa mbele na nyuma, diski iko sambamba. Ikiwa skrubu haifiki au inakwama, boliti zinazoshika beringi au meza zilegezwe, pagongwe taratibu kwa nyundo ya mbao, zikazwe, na kipimo kirudiwe. Huenda kikarudiwa mara tano. Hakuna njia ya mkato hapa, kwani diski inayoubana ubao kwa meno ya nyuma huuunguza, na siku nyingine huurusha kwa nguvu kumwelekea fundi.

Mashine nyingi za mitaani zimechomelewa na mafundi wa chuma kwa vyuma vya pembe na bamba, na meza zake hazina mifereji kabisa. Hilo halizuii kazi. Badala ya reli mbili za katikati, kigari hufungwa vyuma viwili vya pembe vinavyokumbatia kingo za nje za meza, kushoto na kulia. Sharti ni kwamba kingo hizo ziwe zimenyooka na ziwe sambamba na diski. Basi kipimo cha skrubu kifanywe kutoka kwenye ukingo wa meza badala ya mfereji. Ukingo uliopinda kwa joto la kuchomelea usawazishwe kwa tupa kwanza.

Diski ikishakuwa sambamba, isimamishwe wima kwa skwea, na skwea iguse bamba la diski, isiguse meno, maana meno yametanuka. Na skwea yenyewe je? Iliyoanguka sakafuni mara mbili haifai kuaminiwa kwa heshima ya umri wake. Ubao wenye ukingo ulionyooka utafutwe, skwea iegemezwe, mstari uchorwe kwa penseli iliyochongwa vizuri. Kisha skwea igeuzwe upande wa pili na mstari mwingine uchorwe kutoka nukta ileile. Mistari ikilala pamoja, skwea ni nzima. Ikiachana, kosa la skwea ni nusu ya mwachano huo.

Kwa kigari, plaiwudi ya milimita 12 au 18 ndiyo inayofaa, kwa kuwa haitanuki wala haisinyai sana. Ubao mmoja mpana wa msonobari au wa mkaratusi ungeonekana nafuu, lakini ungepinda kabla ya mvua kwisha. Kipande chenye upana wa milimita 800 na kina cha milimita 600 chatosha kazi nyingi. Reli zichongwe kutoka mbao ngumu iliyokauka vizuri, kama mninga au mvule. Mwenye uwezo atumie chuma bapa, kisichojali msimu. Reli zitelezeke mferejini bila kucheza kwa pembeni hata kidogo.

Namna ya kuzifunga ndipo wengi hupotea, kwa kupima kwa tepu na kupigilia kigari kikiwa kimepinduliwa. Njia iliyo bora ni kuiachia meza ipime. Sarafu chache zitiwe ndani ya mifereji, reli ziwekwe juu yake ili zichomoze kidogo, gundi ipakwe juu ya reli, na plaiwudi ilazwe juu yake ikiwa imesawazishwa na ukingo wa meza. Kiwekwe kitu kizito na gundi iachwe ikauke. Reli zitakuwa zimejipanga kulingana na mifereji yenyewe. Baadaye skrubu zifungwe kutoka chini, baada ya kutoboa matundu, ili reli zisipasuke na kutanuka. Kigari kikikwama, sehemu zilizosuguana zitaonekana kwa mng'ao. Hizo ndizo za kukwanguliwa, si reli nzima. Mwisho zipakwe nta ya nyuki au mshumaa.

Kisha hufungwa kingo mbili. Ule wa mbele, ulio mbali na fundi, kazi yake ni kushikilia kigari kisigawanyike diski itakapokipasua. Unyofu wake si jambo kubwa. Ule wa nyuma, ulio karibu na tumbo la fundi, ndio roho ya kigari, kwa kuwa mbao itauegemea. Utengenezwe kwa mbao iliyokauka au kwa plaiwudi mbili zilizogundishwa pamoja, urefu wake kwenda juu usipungue milimita 80, na unyofu wake uhakikishwe kwa uzi uliovutwa. Nyuma yake, mahali diski itakapotokea, pafungwe bonge la mbao nene na lipakwe rangi nyekundu. Diski huishia ndani ya bonge hilo, na hakuna mkono unaopaswa kuligusa. Kizuizi pia kifungwe kwenye meza ili kigari kisimame kabla diski haijalitoboa bonge.

Ukingo wa mbele ukiwa umefungwa, diski iinuliwe na kigari kisukumwe hadi njia ya diski ifike karibu na mahali pa ukingo wa nyuma. Mashine izimwe. Ukingo wa nyuma uwekwe kwa skwea kufuata njia hiyo, ufungwe skrubu moja tu mwisho wake wa kulia, na upande wa kushoto ushikwe kwa klampu. Skrubu ya kulia ndiyo mhimili; ukingo utazunguka hapo utakaporekebishwa.

Sasa ndipo kipimo chenyewe, kinachoitwa na mafundi mikato mitano. Msingi wake ni kwamba kosa dogo lisiloonekana hukuzwa mara nne, likaonekana. Kipande cha plaiwudi chenye pande za takriban milimita 450 kilazwe upande wa kushoto wa diski, kikiegemea ukingo wa nyuma, na upande wake wa kulia upunguzwe kidogo. Huo ni mkato wa kwanza. Kipande kizungushwe kama mshale wa saa unavyozunguka, hadi upande uliotoka kukatwa uegemee ukingo, kisha ukatwe upande wa pili. Kizungushwe tena, mkato wa tatu; tena, mkato wa nne. Kikizungushwa mara ya mwisho, upande wa kwanza utakuwa kulia kwa mara nyingine. Safari hii kikatwe kipande chembamba chenye upana wa milimita 20 hivi, na kisitupwe. Hicho ndicho shahidi. Kabla hakijaondolewa kwenye kigari kitiwe alama: ncha iliyokuwa mbali na fundi, na ncha iliyokuwa karibu naye.

Kingo zikiwa kwenye nyuzi 90 kamili, kipande hicho kitakuwa na upana uleule kwenye ncha zote mbili. Kwa kawaida, mara ya kwanza, haviwi sawa. Tuseme ncha ya mbali ina milimita 20.8 na ya karibu milimita 20.0, na urefu wa kipande ni milimita 400. Tofauti ni milimita 0.8. Kwa kuwa kosa limekuzwa mara nne, kosa halisi ni milimita 0.2 katika kila milimita 400 za urefu. Ikiwa kutoka skrubu ya mhimili hadi mahali pa skrubu ya kushoto ni milimita 600, ukingo unapaswa kusogezwa pale kushoto kwa milimita 0.3.

Usogezwe kwenda wapi? Ncha ya mbali ikiwa pana zaidi, kona zinazokatwa ni ndogo kuliko nyuzi 90, na mwisho wa kushoto wa ukingo uvutwe kumwelekea fundi. Ncha ya karibu ikiwa pana zaidi, mwisho huo usukumwe mbali naye. Maneno haya yaandikwe juu ya kigari chenyewe, kwa sababu anayeyategemea kichwa chake mchana wa jua kali atasogeza kinyume na kuongeza kosa maradufu.

Asiye na kalipa ya kupimia sehemu za milimita asikate tamaa. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa takriban milimita 0.1, na rimu moja ni kipimo cha kutumia miaka mingi. Ncha mbili za kipande shahidi zikatwe, zisimamishwe bega kwa bega juu ya meza ya msumeno, na karatasi ziwekwe chini ya ile fupi mpaka kidole kikipita juu kisihisi ngazi. Karatasi nane ni milimita 0.8. Kwa kurekebisha, karatasi hizohizo hufanya kazi kwa uhakika kuliko jicho. Ukingo ukitakiwa kuvutwa kwa milimita 0.3, kipande cha mbao kiwekwe nyuma yake upande wa fundi, karatasi tatu zikiwa zimebanwa katikati, na kipande hicho kikazwe kwa klampu. Karatasi zichomolewe, klampu ya ukingo ilegezwe, ukingo uvutwe hadi uguse kipande, ukazwe tena. Ukitakiwa kusukumwa, kipande na karatasi viwekwe upande wa pili.

Mikato mitano irudiwe. Mara nyingi safari mbili au tatu zatosha. Tofauti ikishuka hadi milimita 0.4 katika kipande shahidi, maana yake kosa halisi ni milimita 0.1 kwa kila milimita 400, na hapo fundi anaweza kuacha. Anayetafuta sifuri atapoteza siku nzima kushindana na mbao ambayo kesho itacheza zaidi ya hapo. Skrubu za kushoto zifungwe sasa, mbili na zaidi, kwenye matundu mapya. Skrubu ikirudishwa kwenye tundu la zamani itauvuta ukingo ulikotoka.

Kigari hiki cha nyuzi 90 huzaa cha nyuzi 45. Plaiwudi yenye kona iliyokatwa juu yake, iliyokwisha kuthibitishwa, hufungwa katikati ya kigari kingine ncha yake ikiwa juu ya njia ya diski, ikielekea mbele, mbali na fundi. Pande zake mbili zinakuwa kingo, moja kushoto na nyingine kulia, na mbao huegemezwa juu yake. Jitihada zifanywe kila upande uwe na nyuzi 45 kutoka kwenye diski, lakini siri ya kigari hiki haiko hapo. Siri ni kwamba pande mbili kwa pamoja ni nyuzi 90. Ikiwa kushoto imetoka 44.8, kulia itatoka 45.2, na vipande viwili vikikutana kona inakuwa kamili. Basi kanuni ni moja: kila kipande cha fremu kikatwe mwisho mmoja upande wa kushoto na mwisho wa pili upande wa kulia, uso mzuri ukiwa juu daima. Atakayekata ncha zote upande mmoja kwa kuwa ndiko alikozoea, atarudi kwenye kona ya nne ileile.

Mbao iliyoegemezwa mshazari hupenda kuteleza diski inapoigusa, kwa hiyo msasa ugundishwe kwenye kingo na kipande kibanwe kwa klampu. Vipande vinavyokabiliana katika fremu vikatwe kwa kizuizi kimoja, kwani pembe zikiwa sahihi na urefu ukatofautiana, kona hazitafunga vilevile. Kabla ya gundi, vipande vinne vifungwe kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, na fremu iinuliwe kwenye mwanga wa dirisha. Palipo na mwanga pana mwanya.

Wakati wa kukata, diski ichomoze juu ya mbao kwa urefu wa jino tu. Miwani ivaliwe. Glavu zisivaliwe, wala shati lenye mikono mirefu inayoning'inia, kwa sababu diski ikishika uzi huvuta na mkono. Kipande kilichokatika kisiondolewe mpaka diski isimame kabisa. Kizuizi cha urefu kisiwekwe upande ambao kipande kinachokatika kitabanwa kati yake na diski. Hapo ndipo vipande huruka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde walio chini yake, na kijana anayejifunza kazi karakanani asipewe mashine kabla ya kuonyeshwa mambo haya kwa vitendo.

Mafundi waliojifunza kazi mitaani wanaweza kupimwa na kupewa cheti kupitia utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi, bila kuanza masomo upya. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka mtaji wa mashine vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi cha useremala kinachoandika maombi kitaje pia gharama ya diski za akiba na vifaa vya kujikinga, si mashine peke yake. Hivyo ndivyo husahaulika.

Kigari kilichopimwa hakibaki hivyo milele. Kipimo kirudiwe mvua zinapokatika, kigari kinapoanguka, na mashine inapofunguliwa kubadilishwa beringi. Kisiegemezwe ukutani, maana plaiwudi hupinda. Kitundikwe au kilazwe bapa. Upande wa chini, karibu na reli, pabaki nafasi ya kuandika kwa penseli tarehe ya kila kipimo na idadi ya karatasi zilizotumika. Mistari mitatu au minne ya aina hiyo humwonyesha fundi kama ukingo unaelekea upande mmoja kila msimu. Ukielekea hivyo, huenda kuna skrubu iliyolegea, na hiyo ndiyo ya kubadilishwa.